Bei ya Mdomo na Bei ya Risiti

Familia inapotaka kununua gari la biashara lililokwisha kutumika, kodi ni ya kuhesabiwa nyumbani, si ya kushtukia mezani kwa muuzaji.

Msimu wa nyanya ukifika, barabara ya kutoka Sangasanga kwenda Mlali hubadilika sura. Tangu alfajiri matenga hupangwa kando ya njia, yamefunikwa majani, na akina mama hukaa juu ya ndoo zilizopinduliwa wakisikiliza mlio wa gari. Kutoka juu, Mgeta, hushuka kabichi, karoti na viazi. Huku bondeni kuna nyanya, na nyanya haina subira. Gari lisipokuja leo, kesho tunda limelainika. Likija, mwenye gari ndiye apangaye nauli, kwa maana anajua kwamba mzigo hauwezi kumngoja.

Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi zilizo chini ya milima ya Uluguru, mazungumzo ya usiku baada ya watoto kulala ni haya: lini tutapata gari letu wenyewe? Anayeanza huwaza kirikuu, ile Suzuki Carry ndogo ya kubebea mizigo. Aliyekwisha kupiga hatua huwaza Canter. Ni wachache wanaowaza gari jipya. Karibu wote hufikiria gari lililokwisha kutumika, lililoletwa kutoka Japani au lililozunguka hapa hapa nchini.

Ni wazo jema. Lakini kati ya wazo na gari kuna meza ya muuzaji, na juu ya meza hiyo kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Jambo hilo ni kodi.

Safari ya kwenda yadi

Hebu tumwazie mama mmoja wa Mlali. Hatumpi jina kwa sababu ni mfano tu, nasi tumechagua tarakimu zilizo rahisi kuhesabu. Yeye na mumewe wameweka akiba kwa misimu mitatu. Wameuza nyanya, wameuza mchele kidogo, yeye ameongeza fedha ya mchezo wa akina mama wenzake. Sasa wana shilingi 13,000,000 benki. Wanapiga simu kwenye yadi moja ya magari Dar es Salaam, wanaulizia gari waliloliona kwenye picha, wanajibiwa: "Ni milioni kumi na tatu." Furaha iliyoje! Kesho yake wanapanda basi.

Gari lipo, tena ni zuri. Wanaingia ofisini. Kijana wa mauzo anawaamkia kwa adabu, anawapa maji ya kunywa, kisha anasema, "Sasa mama, ile milioni kumi na tatu ni kabla ya VAT. Pamoja na VAT inakuwa milioni kumi na tano, laki tatu na arobaini elfu."

Mume anamtazama mkewe. Mke anatazama chini. Kijana anaona nyuso zimebadilika, anasogeza kiti karibu na kusema kwa sauti ndogo, "Lakini mzee, tunaweza kuelewana. Kama hamhitaji risiti, tunabaki palepale kwenye kumi na tatu."

Mama msomaji, kama ungekuwa umekaa kwenye kiti kile, ungejibu nini? Usijibu upesi. Kwanza tuijue kodi yenyewe.

Kodi hii ilitoka wapi?

Wazazi wetu waliijua kodi ya mauzo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1976. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria mpya, na kuanzia tarehe 1 Julai 1998 kodi ya mauzo ikaondoka, mahali pake ikaingia Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo sote tunaiita VAT. Ilianza kwa asilimia 20. Mwaka 2009 ilipunguzwa, na kiwango cha kawaida kwa Tanzania Bara kikawa asilimia 18. Sheria inayotumika sasa ni ya mwaka 2014, iliyoanza kazi Julai 2015. Jina lilibadilika, lakini kwa mnunuzi wa mwisho jambo ni lile lile: ni kodi inayokaa juu ya bei ya kitu unachonunua.

Jina lenyewe linaeleza kazi yake. Serikali inatoza ile thamani inayoongezeka kila mali inapopita mkononi mwa mfanyabiashara. Tuseme gari letu, likishafika bandarini na kulipiwa ushuru wa forodha, lina thamani ya shilingi 10,000,000. Pale pale bandarini mwingizaji analipa VAT ya asilimia 18, yaani 1,800,000. Halafu analisafisha, analikarabati, analipa pango la yadi, anaweka faida yake, analitangaza kwa bei ya 13,000,000 kabla ya VAT. Anapouza, anamtoza mnunuzi asilimia 18 ya bei hiyo, yaani 2,340,000. Lakini hapeleki fedha hiyo yote serikalini. Anatoa kwanza ile 1,800,000 aliyolipa bandarini, na anapeleka zilizobaki, 540,000. Ukizidisha utaona kwamba 540,000 ni asilimia 18 kamili ya zile milioni tatu alizoongeza.

Hapa ndipo akina mama wengi hukanganyikiwa. Muuzaji akisema, "Gari hili kodi zote zimelipwa," huenda anasema kweli, lakini anazungumzia kodi za bandarini. Kodi ya mauzo anayokufanyia wewe leo ni nyingine. Usimwite mwongo, wala usiridhike na jibu hilo. Muulize swali jepesi: "Bei uliyonitajia ina VAT ndani, au haina?" Swali hilo uliulize kwenye simu, kabla hujakata tiketi ya basi.

Na ukitajiwa bei ambayo VAT imo ndani, unaweza kujua mwenyewe kodi ni kiasi gani. Chukua bei yote, gawanya kwa 118, kisha zidisha kwa 18. Bei ya 15,340,000 ukiigawanya kwa 118 unapata 130,000. Zidisha kwa 18, unapata 2,340,000. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukusaidia, nawe utakuwa umemfundisha faida ya hesabu.

Viwango vya kodi huweza kubadilika kila Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha mwezi wa Juni. Kwa hiyo, kabla ya kununua, pita ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, pale Morogoro mjini, uulize kiwango cha siku hiyo. Uliza pia kama anayelipa kwa njia ya benki ana nafuu yoyote. Kuuliza hakulipiwi.

Nani ana haki ya kukutoza?

Si kila anayeuza gari anaruhusiwa kutoza VAT. Anayetoza ni yule aliyesajiliwa kwa kodi hiyo. Tangu Julai 2023, mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yanafikia shilingi milioni 200 anapaswa kusajiliwa. Yadi kubwa nyingi zimo humo. Akisajiliwa hupewa hati na namba yake ya VAT. Una haki ya kuomba kuiona hati hiyo.

Jirani yako wa Mzumbe anayeuza Canter lake la zamani, naye si mtu wa VAT, hana ruhusa ya kukudai hata senti kwa jina hilo. Akidai, fedha hiyo haiendi serikalini, inaingia mfukoni mwake. Kwa upande mwingine, kampuni iliyosajiliwa inayouza lori lake kuukuu inatakiwa kutoza, hata kama kazi yake si kuuza magari. Kinachotazamwa ni usajili wa muuzaji. Uzee wa gari hauondoi kodi.

Je, mnunuzi anaweza kurudishiwa? Anaweza, kama naye amesajiliwa kwa VAT na gari ni la kubebea mizigo katika biashara inayotozwa kodi hiyo. Kampuni ya usafirishaji mizigo huitoa VAT ya lori katika hesabu zake, kama vile muuzaji alivyoitoa ile ya bandarini. Lakini mama wa matenga asiyesajiliwa hana pa kuirudisha. Kwake, 15,340,000 ndiyo bei. Hata anayenunua Hiace ya abiria asitegemee kurudishiwa, kwa kuwa nauli za abiria wa daladala zimesamehewa VAT, na asiyetoza hapati cha kutoa.

Gari la msamaha

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hasa watu wa makanisa na vikundi. Utasikia, "Kuna gari la shirika linauzwa rahisi." Magari mengine ya miradi na mashirika, pamoja na yale yenye namba za DFP, huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Msamaha huo ni wa shirika na kazi yake, hauhami pamoja na gari. Gari likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi iliyosamehewa hudaiwa. Urahisi wa bei ile huenda ni kodi ambayo bado haijalipwa, nayo itakungoja siku utakapokwenda kuandikisha gari kwa jina lako. Muulize muuzaji akuonyeshe karatasi za malipo, kisha nenda nazo TRA mwenyewe ukahakikishe.

Vivyo hivyo na lori lililoingia likiwa safarini kwenda nchi jirani, halafu likauzwa njiani. Gari la namna hiyo linaweza kukamatwa hata likiwa limebeba nyanya zako.

"Bila risiti" inagharimu nini?

Turudi kwenye ile meza. Kijana amesema wabaki kwenye milioni kumi na tatu, bila risiti. Inaonekana kama zawadi ya shilingi 2,340,000. Hebu tuipime.

Kwanza, ni kosa. Tangu mashine za EFD zilipoanza kutumika mwaka 2010, muuzaji anatakiwa kutoa risiti na mnunuzi anatakiwa kuidai na kuitunza. Sheria inawatazama wote wawili.

Pili, unakosa ushahidi. Injini ikigoma baada ya wiki mbili, utarudi yadi na nini mkononi? Muuzaji anaweza kusema hakujui. Wengine hutoa risiti ya kiasi kidogo, tuseme milioni sita, ili kodi ipungue. Mama, siku mtakapofikishana mbele ya hakimu, utasema ulilipa milioni kumi na tatu, na karatasi itasema sita. Hakimu atasoma karatasi.

Tatu, kuhamisha umiliki kunakuwa kugumu. Ili kadi ya gari itoke kwa jina lako, TRA inahitaji mkataba wa mauziano na namba za mlipakodi, TIN, za pande zote mbili. Kuna ada ya kuhamisha, ambayo katika miaka ya karibuni imekuwa shilingi 50,000 kwa gari, kuna ada ya kadi mpya, na kuna ushuru wa stempu unaohesabiwa kwa bei ya mauziano. Muuzaji aliyekukwepesha risiti atakukwepa na hapo pia. Gari linabaki kwa jina la mtu mwingine. Faini zake za zamani zinakufuata wewe, na akidaiwa yeye, gari lako laweza kukamatwa kwa deni lake.

Kwa hiyo ile 2,340,000 haikusamehewa. Umeiweka rehani pamoja na zile milioni kumi na tatu.

Jina gani kwenye karatasi?

Hapa tuseme jambo ambalo halisemwi sana. Risiti ya gari huandikwa jina la mnunuzi na TIN yake. Mkataba huandikwa jina. Kadi hutoka na jina. Katika nyumba nyingi jina hilo ni la baba, hata kama nusu ya fedha ilitoka kwenye matuta ya mama. Mara nyingi hakuna ubaya wowote moyoni mwa mtu. Ni kwamba baba ndiye mwenye TIN, na mama hajawahi kuombwa.

Waluguru tangu zamani wana desturi ya kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi nyingi hupita kwa upande huo. Mama anaweza kuwa na haki imara juu ya shamba, lakini gari lililonunuliwa kwa mavuno ya shamba hilo halifuati desturi ya ukoo, linafuata karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kuwa na mali yake. Sheria hiyo hiyo inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa ni ya huyo mmoja, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Ni kweli kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kwa nini uache hadi mambo yafike mahakamani? Na kama mume amefariki, mjane asiye na karatasi atawaeleza nini ndugu wa marehemu walioketi msibani wakihesabu mali?

Zungumzeni mapema, kwa upole, kabla ya safari. Usimwambie, "Sikuamini." Mwambie, "Baba, tumelima wote, tuandike wote, ili watoto wetu wasije wakahangaika." Ukubali au ukatae, TIN ni yako kuipata. Hutolewa bure na TRA, ukiwa na namba yako ya kitambulisho cha taifa.

Hapo utaona kwamba karatasi ya kodi ina kazi mbili. Inaonyesha ulichompa Kaisari, na inaonyesha kilicho chako.

Kabla ya kutoa fedha

Ibandike orodha hii ukutani karibu na kalenda.

1. Piga simu na uulize: bei ina VAT ndani, au haina?
2. Omba kuona hati ya usajili wa VAT. Kama muuzaji hajasajiliwa, usimlipe VAT.
3. Chukua namba ya gari uende nayo TRA kuuliza mmiliki ni nani na kama gari lina kodi au msamaha. Uliza pia kama lina faini za barabarani.
4. Nenda na fundi wako, si fundi wa yadi.
5. Lipa kwa njia ya benki, kwa jina la muuzaji aliye kwenye mkataba. Usilipe kwa dalali.
6. Dai risiti ya EFD yenye bei kamili, tarehe, na jina lako. Ikague kwa simu kwa ile alama ya mraba, au mwombe kijana wako akusaidie.
7. Hamisha kadi mapema, gari likiwa bado jipya machoni pa muuzaji.
8. Piga nakala za karatasi zote. Risiti ya mashine hufifia wino, hasa ikikaa juani au jikoni.

Hesabu ya kurudi nyumbani

Na wale wawili wetu walioketi yadi? Tuwape mwisho mwema. Mama anasema kwa utulivu, "Ahsante mwanangu, tunakwenda kujipanga." Wanarudi Mlali bila gari. Njiani hawasemi mengi. Usiku wanakaa mezani na daftari la mtoto, kama yule mjenzi wa mnara katika Injili aliyetakiwa aketi kwanza ahesabu gharama.

Wana 13,000,000. Wanatenga kwanza 1,200,000 kwa ajili ya kuhamisha kadi, bima, leseni ya LATRA ya gari la mizigo, ukaguzi, matairi na dharura. Inabaki 11,800,000. Wanagawanya kwa 118, wanazidisha kwa 100. Jibu ni 10,000,000. Basi gari lao ni la milioni kumi kabla ya VAT, si la kumi na tatu. Litakuwa dogo kuliko lile la kwenye picha, au wangoje msimu mmoja zaidi. Wanajadiliana, na safari hii wote wawili wanaijua hesabu.

Tena wanakumbuka kwamba kununua si mwisho. Gari la biashara lina kodi ya mapato yake, lina mafuta, lina mlima wa Mgeta wakati wa masika ambapo tope halimwonei huruma dereva. Wanaandika hayo yote kwenye daftari.

Kesho yake asubuhi mama anarudi barabarani na matenga yake kungojea gari la mtu, analipa nauli kama kawaida. Lakini kwenye kanga yake amefunga karatasi yenye tarakimu tatu, na wiki ijayo anakwenda Morogoro mjini kuchukua TIN.